Mheshimiwa Tveit na Kiti Kisichochakaa

Tarehe 30 Novemba, Mheshimiwa Arlys Tveit anastaafu baada ya miaka ishirini na minne katika Baraza la Wawakilishi la Dakota ya Kaskazini. Muda wote huo alikuwa na kiti kimoja, nambari 37, na ngozi ya kiti hicho bado inang'aa. Viti vya majirani zake vimechanika hadi sponji inachungulia.

Mimi ninayeandika haya ni bawabu wa ukumbi, mwaka wa kumi na tisa sasa, na sijaona mtu asiyetulia kama yeye. Hata kanisani husimama nyuma, mumewe aliniambia, "eti asichelewe kutoka." Alikuwa mwalimu wa hesabu huko Hesper, akaingia siasa kwa hasira siku basi la shule lilipokwama kwenye matope kwa mara ya tano. Alishinda kwa kura kumi na moja. Barabara za changarawe, maktaba mbili, sheria ya wafuga nyuki: vyote alivipata kwa miguu, akimwandama mjumbe mmoja mmoja koridoni. Wengine walijificha msalani. Aliwasubiri mlangoni.

Lakini nikiruka habari ya daraja nitakuwa nimedanganya. Miaka minne iliyopita mafuriko yalibeba daraja la Hesper. Jirani yake, Ione Krogstad, alikuwa akisafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, na sasa mumewe, Orrin, alilazimika kuzunguka maili arobaini zaidi. Aprili iliyofuata, muswada wa Arlys wa kulijenga upya ulifikia kura. Zilihitajika arobaini na nane.

Spika alipofungua kura, Arlys alihesabu vichwa, akaona pengo moja, akatoka mbio. Alimkuta Mheshimiwa Wendell Bauer kwenye mkahawa wa chini.

"Wendell, weka kijiko chini!"

"Jamani, Arlys, si nimalize hii supu tu?"

"Utaimalizia ikiwa baridi. Twende!"

Akamswaga kama ndama mpaka ukumbini. Bauer akaketi, akapiga kura. Kwetu kura haihesabiwi usipobonyeza kitufe cha meza yako kwa mkono wako mwenyewe. Arlys alikuwa bado mlangoni kwangu, anahema, macho kwenye ubao.

"Mheshimiwa, wewe umeshapiga?" nikamuuliza.

Akanigeukia, rangi imemtoka. Spika akafunga kura. Arobaini na saba.

Iliyokosekana ilikuwa yake. Baraza letu hukutana siku themanini tu, kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo kosa la dakika moja lilimgharimu Ione miaka miwili ya kuzungushwa. Na mimi nilimwona Arlys akitoka, nikanyamaza. Linaniuma mpaka leo.

Hakujitetea. Jumatatu ya kwanza baada ya kikao, kabla ya jua kuchomoza, gari lake lilikuwa uani kwa akina Krogstad.

"Orrin, rudi ulale. Nitampeleka mimi."

"Umekuja kumwendesha au kumkimbiza?" Orrin akamjibu.

Isipokuwa siku za vikao, hakukosa safari hata moja kwa zaidi ya miaka mitatu. Wauguzi wanasema alikuwa akipiga hatua koridoni saa nne nzima, na Ione akimcheka kitandani.

Mwaka jana muswada ulirudi. Siku hiyo Arlys alinitangulia ukumbini, akajifunga kwenye kiti kwa skafu yake. Muswada ulipita kwa kura sitini na moja. Ukumbi mzima ulicheka na kupiga makofi, naye akichezesha miguu chini ya meza.

Daraja lilifunguliwa mwezi uliopita. Ione alikuwa amefariki wiki tatu kabla. Hotuba zilipokwisha, Arlys alikuwa tayari ameshika funguo za gari. Orrin alikuwa ameegesha pikapu yake katikati ya daraja. Akamfungulia mlango.

"Kaa, Arlys. Leo hatuna pa kuwahi."

Akakaa. Sisi wengine tuliondoka, tukawaacha pale wameketi, maji yakipita chini yao.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa jengo hili, asante, Mheshimiwa. Tunakuombea siku nyingi, zenye afya na zisizo na haraka. Tumeruhusiwa kukupa kiti nambari 37. Nitakuletea mwenyewe Jumatatu, na nitapita darajani.