Justus Muthoka, Aliyetaka Kuambiwa Ukweli (1968–2006)

Justus Muthoka alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Mitaboni, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Mulwa na Mama Kalunde.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1985, kisha akajifunza kazi ya umeme Machakos mjini.

Tangu 1989 alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda kimoja Athi River. Huko mwenzake wa kazi, Rodgers, alimwazima kaseti ya muziki wa roki, na kaseti hiyo haikurudi kwa mwenyewe. Justus alinunua gitaa la mitumba, akaunda amplifaya kutokana na redio iliyokufa, akaanza kurekodi nyimbo zake sebuleni, mablanketi yakiwa yametundikwa madirishani ili kuku wasisikike.

Jumamosi, tarehe 21 Agosti 1993, alifunga ndoa na Peris Nzilani. Walijaliwa watoto wawili, Mueni na Muli.

Nyumba yao ilikuwa na sheria moja. Mgeni alisikiliza wimbo mpya, kisha akaandika kwenye daftari jambo moja zuri na moja baya. Chai ilikuja baadaye. Shangazi Mumbua, mzee wa kanisa, aliandika: “Zuri: umemaliza. Baya: umechelewa kumaliza.” Rodgers naye hakuwa na haya. “Boss, hii ngoma ni kama lori imekwama kwa mlima. Kelele mingi na haisongi.” Justus alicheka, akaurekodi upya siku hiyo hiyo. Rodgers alipoleta wimbo wake mwenyewe, alijibiwa: “Ukiimba hivyo kanisani, wataanza kukuombea.” Wote wawili waliendelea kuwa marafiki, na nyimbo zao zikawa bora.

Mwaka 2001 aliugua kifua kikuu. Alipona, kisha mwaka 2003 kikarudi, na safari hii akadungwa sindano kila siku kwa miezi miwili. Madaktari walikuwa wamemweleza kwamba dawa hiyo huweza kuharibu masikio, lakini hapakuwa na nyingine. Kufikia Desemba hakuwa anasikia kitu.

Hakuacha kurekodi. Aliegemeza kidevu kwenye gitaa ili ahisi mtetemo wake. Lakini nyuzi zilikuwa zimelegea, sauti yake ikaenda kando, na hakuwa na njia ya kujua. Daftari likajaa “Nzuri sana” na “Mungu akubariki.” Siku ya Pasaka, 2005, alilifungua mbele ya wageni, akasema kwa sauti kubwa, kwa sababu hakujisikia: “Tangu masikio yaende, hakuna mtu amepata kosa. Kwani nimekuwa malaika?”

Rodgers aliangalia chini. Peris akasema anaenda kuona kama maji ya chai yamechemka.

Novemba hiyo alimtumia kaseti kaka yake aliyekuwa Maputo, huyu anayewasomea wasifu huu. Barua yake ilisema: “Hawa wananihurumia. Wewe uko mbali, huoni uso wangu. Niambie penye makosa nirekebishe.” Kaka yake aliisikiliza mara tatu. Gitaa na sauti havikukutana hata mahali pamoja. Aliandika barua nne, akazichana zote, kisha akatuma kadi yenye maneno mawili: nzuri sana.

Jibu lilikuwa fupi. “Asante, kaka. Hata wewe.” Justus hakurekodi tena.

Mwezi wa Januari kifua kilizidi, akalazwa Machakos. Kaka yake alifika Jumanne, tarehe 7 Februari 2006, akaketi kando ya kitanda akaandika ukurasa mzima: wapi nyuzi zimelegea, wapi sauti imeshuka, ni ubeti gani ulikuwa mzuri kweli. Peris aliushika ukurasa huo mbele ya macho ya mumewe. Macho hayakufuata mistari. Akausoma kwa sauti, na sote mle wodini tukasikia, isipokuwa yeye.

Justus alifariki Alhamisi asubuhi, tarehe 9 Februari, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba.

Ameacha mkewe Peris, watoto Mueni na Muli, mama yake mzazi Kalunde, kaka yake, Shangazi Mumbua, na rafiki yake Rodgers.

Bwana ampokee, na ampe pumziko ambalo sisi hatukujua namna ya kumpa.