Kirusi Kilichomla Mzee Jicho

Kirusi kilimla mume wa Aling Salud jicho la kushoto, miezi michache baada ya mzee huyo kupandikizwa uboho wa dada yake. Aling Salud alikuwa akimsimulia mwanamke mwenye beseni la samaki ndani ya jipni, daladala letu la kwenda Cubao, nami nilikaa katikati yao nikipokeza nauli za abiria kwa dereva.

"Ni wajukuu hao, Ate, dada yangu," akasema wa samaki. "Wanashika mkono wa babu, wanaugusisha kwenye vipaji vya nyuso zao, na makamasi yanawatoka. Salamu hiyo ya mano ndiyo iliyomponza."

"Nami nilidhani hivyo, nikawafungia mlango. Kumbe daktari anasema kirusi kilikuwa ndani yake tangu utotoni, kimelala tu. Walipoiua damu yake ya zamani ili ya dada mtu ishike, walinzi wote wa mwili wakafa. Ndipo kikaamka."

"Kimelala miaka yote hiyo? Hata mume wangu hawezi."

Nilitazama kiganja changu chenye sarafu za watu. Sikujua na mimi nimebeba kirusi gani kilicholala.

"Na damu ya sasa?" akauliza wa samaki.

"Ya dada yake yote. Alikuwa kundi O, leo ni B."

Wa samaki akalivuta beseni lake karibu. "Ajabu hiyo naikubali. Lakini mano nayo imo."

Jipni ikasimama. Aling Salud akashuka akihesabu kwa vidole waliyoyapoteza: jicho moja, kazi ya udereva wa teksi, na Krismasi nzima ambayo mzee alinyoosha mkono na hakukuwa na mtoto wa kuushika.