Hezron Zebedayo Mbonile na Piano ya Ibaba, 1978–2025

Mimi ni Ferista Mbonile, shangazi wa marehemu. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1966 na kalamu sijaiacha tangu hapo. Ukoo umenipa kazi ya kuandika na kusoma wasifu huu, ingawa kikao cha jana kilitaka usomwe na mtu wa kanisa ili uwe mfupi. Hautakuwa mfupi. Na kabla sijafika mbali, niseme lililotuweka kikaoni mpaka chai ikapoa. Marehemu aliacha neno moja tu kuhusu mazishi yake: jeneza likitolewa kanisani, piano yake iwe inalia. Baraza la wazee wa kanisa limekataa. Sikilizeni kwanza maisha yake, halafu mtaamua wenyewe.

Hezron alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Agosti 1978, hapa hapa Ibaba, Wilaya ya Ileje, wakati huo tukihesabiwa Mkoa wa Mbeya. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa kaka yangu, marehemu Zebedayo Mbonile, na wifi yangu Restuta, ambaye Mungu amemweka na yuko nasi leo. Ilikuwa asubuhi ya ukungu na baridi ya mwezi wa nane, na mkunga alikuwa amekwenda Isongole, kwa hiyo niliyempokea ni mimi. Hakulia mara moja. Nikampiga makalio mara mbili, akatoa sauti moja ndefu, kisha akanyamaza kama mtu anayesikiliza sauti yake imeishia wapi. Wanaocheka wacheke, mimi nilikuwepo.

Ndani ya kanisa hili, kushoto kwa madhabahu, palikuwa na piano ya wamisionari. Ilipandishwa kutoka Isongole mwaka 1938 kwa mabega ya wanaume kumi na wawili, na mmoja wao alikuwa baba yangu, babu yake Hezron. Kule kwenye kona ya mlima piano ilimlalia kidole gumba, ukucha ukang'oka na haukuota tena mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo nyumbani kwetu hatukuwahi kuiita piano ya wageni.

Marehemu alisoma Shule ya Msingi Ibaba kuanzia mwaka 1986 hadi 1992. Akiwa darasa la nne alitumwa mashineni na debe la mahindi. Jioni debe lilikutwa chini ya dirisha la kanisa, mbuzi wa mchungaji wameshiba, na yeye yuko ndani anabonyeza. Kaka yangu alichukua fimbo. Mimi nikaichukua ile fimbo mkononi mwa kaka yangu. Mwaka 1993 alikwenda sekondari Mbozi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1996 kwa daraja la nne. Hatufichi. Masomo hayakumpenda, lakini redio zote za bweni zilizokufa zilifufuka mkononi mwake.

Mwaka 1998 alihamia Tunduma, akajifunza ufundi wa redio kwa fundi Timotheo, ambaye namwona pale nyuma na koti lake. Alikaa naye miaka tisa. Mwaka 2007 akafungua studio yake mtaa wa Sogea, chumba kimoja, kuta zimezibwa kwa magodoro ya zamani ili kelele za malori ya mpakani zisiingie. Kwaya zilitoka Mbozi, Momba, Ileje, na nyingine zilivuka kutoka Nakonde. Nilikuwepo siku kwaya moja ya Wazambia ilipomaliza kurekodi, kina mama wakamzunguka wakipiga magoti, "Natotela, ba Hezron, natotela," ndiyo asante ya kwao, na yeye anaona haya anaangalia nyaya zake.

Tarehe 16 Desemba 2006 alifunga ndoa na Ketrina Shadrack wa Mbozi, mwimbaji wa sauti ya pili. Walikuwa wamejuana kwa fundi Timotheo, kwaya ya Ketrina ilipokuja kurekodi kaseti. Hezron alimwambia amepanda mno, arudie. Ketrina akamjibu mbele ya kwaya nzima, "Kaka, koo ni langu na mashine ni yako. Rekebisha mashine." Alirekebisha mashine. Mungu aliwajalia watoto watatu: Ruti, Pendo na Osward.

Sasa nafika kwenye lile linalotugombanisha.

Mwaka 2015 ile piano ilikuwa imechoka. Mchwa wamekula miguu. Katika meno yake themanini na nane (meno ndivyo tulivyoita vile vya kubonyeza, vyeupe na vyeusi), yaliyokuwa bado yanalia yalikuwa sitini na moja. Wazee wakaamua ivunjwe, mbao zitengenezwe mabenchi, vyuma viende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hezron alipanda kutoka Tunduma siku hiyo hiyo, akawaomba wampe siku kumi na moja kabla ya shoka. Wakampa, wakidhani anakuja kuiaga.

Alikuja na kompyuta na vipaza sauti viwili. Tuliazima mablanketi nyumba tisa, tukayatundika madirishani. Alianza jino la kwanza: anabonyeza taratibu, anasubiri sauti ife yenyewe mpaka kimya kabisa, anaandika daftarini. Kisha anabonyeza kwa nguvu kidogo, anasubiri. Kisha kwa nguvu zote. Halafu jino linalofuata. Tulifanya asubuhi watu wakiwa mashambani, na Ketrina alisimama njiani na kanga, kila pikipiki inayopanda anaizuia. "Zima, baba, zima! Kanisani kuna mgonjwa!" Hakusema uongo sana.

Kazi yangu ilikuwa kamba. Pedali ilikuwa imekatika, ile ya mguu inayoacha sauti iendelee, kwa hiyo Hezron alifunga kamba ndani ya piano, nami nikakaa chini sakafuni kuivuta na kuachia kila aliponiinulia kidole. Siku kumi na moja, nina miaka sitini na nne, kwenye sakafu ya saruji. Jino la ishirini na tatu kutoka kushoto alilibonyeza taratibu, sauti ikaanza kufifia vizuri, nikakohoa.

"Shangazi! Umekohoa!"

"Si mimi, ni vumbi la wamisionari. Lina umri kunizidi."

"Haya, turudie. Shika pumzi."

Nikashika pumzi. Akabonyeza, na waya wa jino lile ukakatika kwa mshindo kama risasi. Waya mwingine haukuwepo Ileje wala Mbeya. Alichokuwa nacho cha jino la ishirini na tatu ni ile mara moja tu, pamoja na kikohozi. Basi akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Shangazi, umeingia kwenye piano na hutoki tena."

Siku ya kumi na mbili ilivunjwa. Hamkuona chozi lake kwa sababu alikuwa ameshaipakia yote.

Alikaa miaka miwili akiipanga. Meno yaliyokuwa yamekufa aliyatengeneza kwa kuazima sauti ya jino la jirani na kuipandisha au kuishusha. Ngoja niwaeleze kama alivyonieleza mimi. Hiki si kinanda cha kiwandani kinachotoa sauti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipiga. Unabonyeza, na kompyuta inakutolea jino lile lile la piano yetu, kwa nguvu ile ile uliyobonyeza, pamoja na mlio wa mbao na mwangwi wa paa hili la bati lililo juu yenu. Mwaka 2017 aliimaliza, akaiita Piano ya Ibaba, akaiweka kwenye mtandao achukue anayetaka. Ilichukuliwa Nakonde, Kitwe, Mbeya, Dar es Salaam, na nchi ambazo majina yake aliniandikia kwenye karatasi, ninayo kabatini.

Hapa alikuwa mwalimu wa kwaya, akipanda kila Jumamosi kutoka Tunduma. Pasaka ya mwaka 2018 aliileta piano yake kanisani, ndani ya kompyuta. Watu walikuwa bado wanaimba Mzee Anyitike wa baraza aliposimama. Yupo, amekaa benchi la mbele, na mimi nasoma akisikia, maana shuleni nilimtangulia madarasa mawili na hajawahi kunitisha. Alisema, "Zima hicho kinanda cha uongo. Nyumba ya Mungu inataka ala ya kweli." Jumapili iliyofuata mwanangu alivuliwa ualimu wa kwaya, bila barua, bila asante, baada ya miaka kumi na mmoja.

Mwaka 2022 kwaya yetu ilikwenda kurekodi nyimbo Mbeya, kwa mtu mwingine. Zikaletwa, zikafunguliwa kwenye spika humu ndani, kanisa limejaa. Mzee Anyitike akasimama tena, mikono juu: "Mnasikia? Hii ndiyo piano ya kweli!" Ukaja wimbo wa tatu. Unaanza kwa jino moja, limeshikiliwa peke yake, linafifia taratibu kabla waimbaji hawajaingia. Nami nikiwa nimekaa na wanawake wenzangu nikajisikia nakohoa kwenye spika.

Nilicheka kwa sauti mpaka nikaombwa nitoke nje. Hezron alikuwa ameshatoka, amesimama kwenye mti wa mparachichi. Nikamwambia nakwenda kusema sasa hivi. Akanishika mkono. "Shangazi, naomba usiseme. Waache waimbe. Imerudi kanisani, inatosha." Nikanyamaza miaka mitatu kwa ajili yake. Sasa yeye ndiye aliyenyamaza, na sababu yangu imekwisha.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi wa tano mwaka 2023. Alikuwa akisafishwa damu Mbeya mara mbili kwa wiki, na Ketrina hakukosa safari hata moja. Wagonjwa wenzake walimjua kwa jina la Piano, kwa kuwa aliwasikilizisha kwa simu mashine zikizunguka. Mwezi wa pili mwaka huu hali ilibadilika. Alimwambia Ketrina lile neno la jeneza, akamtaka alirudie neno kwa neno, kama alivyokuwa akimrudisha kwenye kurekodi. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Ameacha mama yake Restuta, mjane Ketrina, watoto watatu, ndugu wanne, shangazi mmoja, na fundi Timotheo ambaye hajaacha kulia tangu Jumanne.

Kwa wazee wa baraza nasema hivi. Mmesema ni ya uongo. Nyaya zile zilibebwa na baba yangu kwa kidole chake. Bati lililotoa mwangwi ni hili. Kikohozi ni changu, na mimi ni mzima, nimesimama mbele yenu. Uongo uko wapi humo? Mliivunja ya mbao kwa shoka. Hii hamna shoka lake.

Katika ratiba mliyoshika, ukurasa wa nne, namba saba, pameandikwa "Piano ya Ibaba". Ratiba niliipeleka mwenyewe kuchapwa Tunduma juzi Jumatano, siku moja kabla ya kikao. Nakala ni mia mbili. Ruti, mtoto wake wa kwanza, amekaa kwenye kinanda, na wimbo ni ule wa tatu wa kwaya yenu wenyewe. Anayetaka kuuzima aje auzime, akijua anazima sauti aliyoinyanyulia mikono.

Wanaume sita, shikeni jeneza. Kina mama, watoto wapewe maziwa, nataka kimya. Mtasikia jino la ishirini na tatu, kisha sauti ikififia mtamsikia mtu akikohoa. Ni mimi, nimeshika kamba sakafuni, na Hezron yuko karibu nami amebana pumzi asiiharibu.

Apumzike kwa amani. Piano yake isipumzike.

Ruti, mjukuu wangu, bonyeza.