Mama Dodoso na Swali la Kumi na Nne

Wasikilizaji wapendwa, leo msinitegemee kwa sauti ya upole. Tumemzika Mama Dodoso, mtafiti wa afya ya vijana, na mimi nina hasira.

Jina hilo walimpa wanafunzi, maana hakuingia darasani bila dodoso, zile karatasi zake za maswali. Kwa miaka ishirini na mitatu aliwauliza vijana mambo ambayo sisi wazazi tunayakwepa kwa kujikohoza.

Swali la kumi na nne liliandikwa na wakubwa wake: "Umewahi kufanya tendo la ndoa?" Karibu wote walijibu hapana. Wakubwa wakachekelea. Wakaandika kwamba vijana wetu hawamo hatarini, wakafunga chumba cha ushauri wa vijana pale zahanati. Kikawa stoo ya viti vibovu.

Mwezi uleule, binti wa miaka kumi na sita aliyejibu hapana alikutwa na mimba. Mama Dodoso akamuuliza taratibu, mbona ulisema hapana?

"Mama, mimi sijaolewa. Tendo la ndoa nitalitoa wapi?"

Nisikieni, wasikilizaji. Binti hakudanganya. Alijibu alichoulizwa. Walioona aibu kuuliza ni watu wazima.

Mama Dodoso akaenda ofisini. Akasema andikeni ngono, kila mtoto analijua. Mkuu wake akaruka: "Neno chafu hilo, mama!" Naye akamjibu: "Neno halimpi mtu mimba, mzee."

Miaka sita alilipigania neno moja. Miaka sita! Mdogo wake wa kiume ananiambia: "Dada akipiga pasi gauni la mkutano, tulikuwa tunamtania kwamba anakwenda kuposwa. Akirudi, alikuwa anatupa mkoba kwenye kochi. 'Chai wamenipa. Neno wamekataa.'"

Juzi nilikwenda ofisi ileile. Wakanionyesha dodoso jipya, vifua mbele. Ukurasa wa kwanza wanamshukuru marehemu kwa mchango wake. Nikafunua hadi swali la kumi na nne. Tendo la ndoa, vilevile. Hawana haya!

Mdogo wake, binti yake, na jamaa wote, poleni sana. Mungu awape subira, kwa sababu mimi yangu imeisha.

Nawe mzazi, mwanao yupo hapo sebuleni, anajifanya hasikii. Usizime redio. Neno ni ngono. Nimekutajia mimi, sasa zungumza naye.