Mama Badala na Kasuku Aliyeandikwa Ng'ombe

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya kuandika programu za kompyuta za hospitali yetu ya wanyama, Mama Badala anastaafu.

Alipofika, kompyuta ya mapokezi ilikuwa na madeko. Taarifa za kila mnyama zilikaa ndani ya kile watu wa programu hukiita kamusi: ufunguo "jina", thamani yake "Simba"; ufunguo "aina", thamani yake "paka". Mhudumu akisahau kujaza kimoja, programu iliutafuta ufunguo, ikaukosa, ikazimika. Foleni ikabaki inabweka.

Mama akaipa cha kushika badala yake. Jina likikosekana, iandike "Mgonjwa wetu". Aina ikikosekana, iandike "ng'ombe", maana enzi hizo ng'ombe ndio waliokuwa wengi. Mashine haikuzimika tena, naye akapata jina lake la Mama Badala.

Kisha akaja kasuku wa fundi cherehani. Katika pilikapilika za mapokezi, hakuna aliyejaza aina yake. Kesho yake fundi akapokea ujumbe kwenye simu: ng'ombe wake aletwe kupimwa mimba na kupewa dawa ya minyoo, akiwa amefungwa kamba imara. Fundi ni mtu mtii. Alimleta amemfunga kamba ya katani, na kasuku akatutukana kwa zamu, akianza na daktari mkuu.

Tulicheka hadi mbavu zikauma, mpaka mfamasia, ambaye hakuwa amemwona mgonjwa, alipotokea na chupa. Lebo ilisema nusu lita. Mama Badala alishuka ngazi mbio na kandambili moja mguuni, akampokonya, akaketi sakafuni akitweta.

"Jina ukilikosea, mnyama anakula tu," alisema. "Aina ukiikosea, unamzika."

Siku hiyohiyo alibadilisha programu. Jina la "Mgonjwa wetu" lilibaki. Lakini aina ikikosekana, mashine haizimiki wala haibahatishi: huuliza, "Huyu ni mnyama gani?", na dawa haitoki mpaka ijibiwe. Kasuku alikwenda zake na matone mawili ya dawa na matusi yake yote.

Mumewe, mwalimu wa hisabati, anasema nyumbani sheria ni nyingine. Huko akiulizwa jambo akanyamaza, jibu lake huhesabiwa kuwa ndiyo. Ndivyo sebule yao ilivyopakwa rangi ya waridi.

Mama Badala, asante kwa kutulea sisi na mashine zetu. Tunakutakia afya njema na usingizi mnono. Na mumeo, tunamsihi aongee.