Sentensi ya Pili ya Mwalimu Tsvetana

Mheshimiwa Meya Lachezar, Mheshimiwa Mkuu wa Shule, mgeni wetu kutoka Uingereza, ndugu wazazi na wanafunzi, nawe Mwalimu Tsvetana tunayekuaga leo, nawasalimu kwa heshima.

Nimeonywa nisirefushe maneno maana banitsa, mkate wetu wa jibini, inapoa. Basi nitasimulia somo moja tu.

Siku hiyo tulifundishwa neno la Kiingereza la kusema mtu amefanya jambo kwa dharau. Mwalimu alikuwa na sheria yake: ukitunga sentensi ya mtu anayechekwa, huweki kalamu chini mpaka utunge ya pili, ambamo huyo aliyechekwa naye anafanya jambo. Kumwacha mtu kwenye kicheko, alisema, ni kama kumfungia mtoto nje kwenye mvua.

Akatuuliza tunataka kuwa nani. Mimi, binti wa wafuga mbuzi, niliyekuja shuleni nanuka jibini, nikajibu kwamba nitafundisha Kiingereza hapahapa. Mvulana wa dawati la nyuma akaangua kicheko.

"We Zdravka, si uanze na mbuzi wenu!"

Darasa zima likavunjika mbavu. Ndugu zangu, mvulana huyo leo amevaa mkufu wa umeya, na umempendeza kwelikweli. Usiiname, Mheshimiwa, tulikuwa watoto.

Mwalimu hakufoka. Aliandika ubaoni kwamba Lachezar alicheka kwa dharau, kisha akanigeukia. "Na ya pili?" Nilikuwa nalia, sikuwa nayo. Akasema, "Itakuja," akamkataza msafishaji asiifute ile ya kwanza. Ilikaa pale mpaka shule ikafungwa kwa likizo.

Sasa mwalimu anastaafu, na tunasikia halmashauri inataka kulifuta darasa la Kiingereza, eti nani atakubali kuja kufundisha kijiji kama hiki? Jamani, si mimi hapa? Nimerudi, cheti ninacho, na nikikosa wanafunzi, mbuzi wa mama bado wapo. Lililobaki ni neno lako, Mheshimiwa. Darasa libaki?

Anatikisa kichwa, kushoto na kulia! Mgeni wetu, mbona uso umekushuka? Huku kwetu kutikisa kichwa ndiko kukubali.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza. Nawe Mwalimu, asante kwa kunisubiri. Sentensi ya pili hii hapa: Jumatatu, Zdravka atashika chaki.

Sasa weka kalamu chini, mwalimu wangu.