Wazee Walioandikishwa kwa Namba ya Nakijwa

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Nakijwa Eliufoo alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Bombo, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba, akateremka Same kwa masomo ya sekondari, na mwaka 1988 akahitimu uuguzi, kazi aliyoifanya katika zahanati za tambarare kabla ya kurudishwa huku mlimani kwao, jambo lililomfurahisha mno.

Tarehe 6 Julai 1991 alifunga ndoa na Ndugu Paschal Mbwambo, wakajaliwa mapacha, Kurwa na Doto, waliozaliwa mwaka 1994.

Vishikwambi vilipoletwa kliniki ya presha na kisukari mwaka 2023, marehemu, ambaye hakuwa mtu wa kukubali jambo harakaharaka, alikilaza cha kwake kifudifudi mezani, akidai kwamba mgonjwa hawezi kuulizwa sukari yake kabla ya kuulizwa habari za nyumbani. Lakini alipoona wagonjwa walioandikishwa humo na wenzake wanapata ujumbe wa simu wa kuwakumbusha kliniki, na waliokatiza dawa wanarudi, alikishika kweli kweli, hata wazee wasio na simu akawaandikisha wote kwa namba yake mwenyewe, na kila ujumbe ulipoingia alipanda kuwaambia mlango kwa mlango, akisalimia kwa urefu ule tunaoujua, akirudi na ndizi kichwani.

Naye alikuwa na presha, na alijiandikisha kwa namba hiyo hiyo. Ujumbe wake uliingia pamoja na wa wengine, akawafuata wengine kwanza, wake akaahirisha, tena na tena, na sisi tuliomwona mzima kila siku hatukumuuliza, jambo linalotuuma sana.

Tarehe 9 Oktoba 2025 alipata kiharusi, akalazwa, na kwa ulimi mzito akamkabidhi Kurwa simu yake, akamwambia, "Wazee wangu wasikose dawa kwa ajili yangu." Alifariki Jumapili tarehe 19 Oktoba, akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia usiku na mchana, majirani mliombeba kwa machela hadi barabarani, na wafanyakazi wenzake wote.

Kliniki ni kesho. Ujumbe umeingia asubuhi hii, Kurwa anao, na majina ni ya wazee wetu mlioketi hapa mbele, pamoja na jina la Nakijwa. Tunawaomba, msikose.

Pumzika kwa amani, Mama Kurwa, zamu tumeipokea.